Kiti cha Baiskeli ya Lupe

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiunga na jimu ya Mzee Semisi, nyuma ya duka la mikate. Mzee kanipima mkono kwa kamba, akauliza kama nimekuja kunyanyua vyuma au vyuma vininyanyue mimi. Wivu tu! Mkono wangu umelala, unasubiri kuamshwa. Kaandika jina langu ubaoni mlangoni, FELETI, kila mtu alione.

Siri: sikuja kwa vyuma. Nimekuja kwa Lupe. Kila saa kumi na moja yuko kwenye ile baiskeli isiyokwenda popote, dirishani, anakanyaga huku akitazama barabara. Jumamosi anapanda ndege kwenda Auckland kusomea uuguzi. Miaka mitatu! Nahitaji kumwambia neno moja tu. Neno lenyewe sijalichagua.

Jumanne, 4

Mpango: ninyanyue kilo themanini mbele yake, nishushe, nimsalimie bila kuhema. Nimeshika chuma. Lupe kaingia. Moyo puu! Nyuma yake nani? Dada yangu Silia, taulo begani!

Basi tena. Hapa Tonga dada akiingia, kaka anatoka. Hukai naye chumba kimoja kifua wazi, sembuse kutongoza mbele yake. Chuma kimeniangukia kidole. Nimetoka kwa mlango wa nyuma nikichechemea, kichwa juu. Kitione, yule mwenye shingo kama gunia, kapaza sauti kuuliza mbona kijana mapema hivyo, au vyuma vimeng'ata?

Ndiye aliyemleta Silia, naapa. Anamtaka Lupe.

Jumatano, 5

Mpango wa akili. Nimempa mama ujumbe amfikishie Silia kwamba jimu ina panya wakubwa. Silia kajibu, kupitia mama, kwamba hata nyumbani yupo mmoja, anamaliza mihogo na hafui soksi. Saa kumi na moja wakaja wote wawili, yeye na Lupe. Mimi mlango wa nyuma.

Nimekaa kwenye migomba saa nzima nikisikiliza baiskeli. Kirr, kirr, kirr. Tamu kuliko kwaya ya kanisani. Mungu nisamehe, lakini ndivyo.

Ijumaa, 7

Jana kama juzi. Migomba, mbu.

Leo ndiyo leo! Nimejificha stoo mapema, nyuma ya magodoro. Silia akitangulia kutoka tu, najitokeza. Nimesikia wameingia. Kirr, kirr. Halafu kimya. Mtu akakohoa mara mbili, polepole. Silia huyo! Nikajikunja zaidi, nikaziba pua. Akakohoa tena.

Nilipotoka hapakuwa na mtu. Nimeshika kiti cha baiskeli. Bado kina joto.

Jumamosi, 8

Uwanja wa ndege. Ukoo mzima wa Lupe, mashada ya maua hadi masikioni. Silia kamng'ang'ania, analia. Ningesogeaje? Nimesimama nje ya uzio. Lupe alikuwa akigeuka geuka, anatafuta kitu, labda begi. Ndege imekwenda. Nimeipungia hadi ikawa nzi, hadi ikawa haipo.

Jumapili, 9

Mji umefungwa kama kila Jumapili, hata jimu. Kanisani, kisha chakula. Mama, huku akinipakulia, kaniuliza mwanangu ulikuwa unamkimbia nini mtoto wa watu? Kumbe Lupe aliona jina langu ubaoni. Akaona haya kuja peke yake, watu wasiseme, ndipo akamwomba Silia amsindikize. Kila siku Silia alikuwa anamwekea taulo, kisha anatoka kukaa barazani. Ningengoja dakika moja tu! Mengine dada hawezi kumwambia kaka, akamwachia mama. Mama alidhani najua.

Na kikohozi? Mama hajui habari ya kikohozi. Mimi ninaijua: Silia alikuwa barazani.

Sikula. Yaani, nilikula kidogo. Sahani mbili.

Jumatatu, 10

Nimetafakari usiku kucha, jibu nimelipata: makosa yote ni ya Kitione. Shingo ile haikosi hila. Sasa atanitambua! Ana dada watatu na mabinti saba wa baba zake wadogo, na kwetu hao nao ni dada. Leo nimepita nyumba hadi nyumba, nimewaandikisha jimu wote kumi. Saa kumi na moja wakaingia kwa mstari, na Kitione akatoka mbio mlango wa nyuma, kwenye migomba yangu.

Nikabaki mimi, na baiskeli. Kiti bado kiko pale alipokiacha Lupe, chini kabisa; magoti yananigonga kidevu. Wale dada kumi wamecheka hadi wamekaa sakafuni, wakanishauri nikipandishe, kaka, utajiumiza.

Sikipandishi. Nakanyaga, natazama barabara. Miaka mitatu si mingi. Na neno bado sijalichagua.