Nilivyopaka Bati Langu Rangi, Ndege Zikapotea

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe imeonekana kutoka juu.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Kidole chenyewe kina rangi ya bluu. (Mtaelewa.) Na shule mnajua nilikoishia: darasa la tatu, kisha baba akasema ng'ombe wanataka mtu, daftari halitaki mtu. Basi.

Mambo yalianza Jumatatu. Neema, binti wa marehemu mwalimu wetu wa kwaya, ambaye siku hizi kazi yake ni kuongoza ndege kwa redio, alikuja nyumbani akanikuta napogoa kahawa. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, akakaa akanywa chai. Akanieleza kwamba Jumamosi, yaani leo, kutakuwa na maonyesho ya ndege ndogo kwenye ule uwanja wa majani huku chini, upande wa Usa River. Wenye ndege watakuja nazo wenyewe kutoka kila upande, wote asubuhi moja, kabla mawingu hayajashuka mlimani.

Shida yake, alisema, si wingi wa ndege. Ni mwendo. Kuna ndege za mabawa ya kitambaa zinakwenda kama mama mjamzito anayepanda kilima, na kuna nyingine zinakuja kama zimechokozwa na nyuki. Ukizipitisha njia moja, ya nyuma itaipanda ya mbele, na angani hakuna kando ya barabara pa kusimama.

Hilo nililielewa kabla hajamaliza. Mimi nimenywesha ng'ombe maisha yangu yote. Fahali mwenye kiu humpeleki mtoni kwa njia moja na ng'ombe mwenye ndama, unampitisha mbali, juu ya ukingo, washuke kila mmoja kwa zamu yake. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia habari ya fahali wetu aliyemsukuma shangazi majini, ambayo ni ndefu, na akaisikiliza yote mpaka shangazi akatolewa. Ana adabu yule binti. Adabu yake ndiyo iliyoniponza.

Mpango wake ulikuwa huu. Ndege za polepole zije chini, zifuate barabara, zikifika kwenye bati jekundu la kutu zikate kushoto ziende kutua. Ndege za mbio zije juu zaidi, zipite moja kwa moja mpaka ng'ambo ya korongo, huko ndiko zigeuke na kushuka. Hivyo hazikutani. Na hilo bati jekundu la kutu lilikuwa la nyumba yangu. Alinionyesha picha kwenye simu, imepigwa kutoka juu. Kijiji kizima kimeshabadili bati. Mekundu yalibaki mawili tu, la kwangu, na la ghala la Mzee Kaaya huko huko ng'ambo ya korongo.

Picha ya bati langu ilikuwa inaniuma. Kumbe kutoka juu linaonekana hivyo.

Akaniambia marubani wote watapewa karatasi yenye picha ile. Na kwa shukrani, ndege zikishatua zote, mimi nitapandishwa kwenye moja ya zile za polepole nizungushwe mbele ya mlima, nilione shamba langu. Ndugu zangu, nina miaka sabini na kitu, na ndege nazijua kwa matumbo tu. Hilo nililitaka kuliko ninavyoweza kuandika. Kufika Jumanne kanisa zima lilikuwa linajua. (Niliwaambia mimi.)

Alipoaga, Neema akasema: "Babu, usihangaike na chochote. Liache hivyo hivyo lilivyo."

Sasa ninyi ni watu wazima. Mgeni akikwambia usihangaike, unafanya nini? Mchungaji alipokuja kwenye msiba wa mama alisema maji tu yanatosha. Tungempa maji tu, leo tungekaa benchi gani pale usharikani? Tulichinja. Alikula, akaongezwa, akasema hamkupaswa kuhangaika. Ndivyo watu wenye adabu wanavyoishi. Mgeni anakataa, mwenyeji anahangaika, kila mtu anafurahi.

Kwa hiyo jana Ijumaa nilimwita fundi, akaja na ngazi na ndoo, tukapaka bati rangi. Bluu. Bluu safi ya mafuta, kama ya zahanati. Mke wangu alisimama uani, mikono kiunoni.

"Baba Eliamani, si amesema uliache?"

Nikamwambia amesema hivyo kwa adabu. Akaniuliza kama watu wa ndege nao wana adabu ya aina hiyo. Nikamwambia wageni ni wageni, hata wakipita juu. Akaingia jikoni. Jioni manyunyu yakashuka na rangi ikagoma kukauka, lakini kwa mbali ilipendeza sana.

Leo asubuhi nikavaa suti ya harusi ya Eliamani, tukashuka uwanjani. Tulipewa viti vya mbele kabisa, karibu na zulia jekundu lililotandikwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Neema alikuwa amesimama juu ya pikapu na redio mkononi, na sauti ya redio ilikuwa imeunganishwa na spika ili wananchi wasikie marubani wanavyozungumza. Nikawaeleza waliokaa karibu yangu mpango wote, wa polepole chini, wa mbio juu. Nikawaambia pia kwamba mimi nitapanda baadaye. Mama mmoja alinipa pole ya mapema.

Ya kwanza ikatokea kutoka Usa River, ya njano, polepole, inatetemeka. Ikafuata barabara vizuri. Ikafika juu ya kwangu. Haikukata kushoto. Ikanyoosha.

Nyuma yake kulikuwa na ya pili. Nayo ikanyoosha. Ya tatu ikazifuata hizo mbili, kama ng'ombe wanavyomfuata wa kengele hata akiwapeleka shimoni. Zote tatu zikaenda kuvuka korongo, zinalitafuta bati jekundu, na bati jekundu lililobaki duniani lilikuwa la ghala la Mzee Kaaya. Na huko juu, ndege mbili za mbio zilikuwa zimeshaanza kugeuka na kushuka. Mahali pale pale.

Watu walianza kusimama. Neema hakupaza sauti. Akaziambia za mbio zipande tena, zielekee upande wa mlima, zisishuke mpaka aseme. Akaziambia za polepole zibaki chini zirudi moja moja. Alirudia mara mbili, kwa utulivu, kama mtu anayesoma matangazo ya ibada. Za mbio zikainuka. Ya njano ikapita chini yao ikiwa salama, lakini si kwa nafasi ambayo ningependa kumwachia hata mbuzi.

Kisha akauliza kwa nini hawakukata kushoto. Rubani wa ya njano akajibu, na spika ikatuletea wote: bati jekundu halipo, kuna bati la bluu.

Hapa naomba mnielewe. Mimi nilichosikia ni kwamba mtu yuko angani na amelitaja bati langu. Nikasimama. Nikageukia viti vya nyuma.

"Hilo la bluu ni la kwangu," nikasema. "Nimelipaka jana kwa ajili yao."

Neema akageuka taratibu juu ya pikapu.

"Babu. Nilikuambia uliache."

"Uliniambia kwa adabu, mjukuu wangu."

Mke wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikapendekeza awaambie basi wakate kwenye bati la bluu. Akanieleza, bado kwa adabu, kwamba zahanati ni bluu, shule ni bluu na usharika ni bluu, na kila rubani ana karatasi yenye picha ya kutu. Kulikuwa na ndege nyingine kumi na mbili njiani, mchanganyiko, na wengine redio zao ni mbovu, wanasikia nusu. Walihitaji kitu chekundu juu ya nyumba yangu, sasa hivi. Akatazama huku na huku. Kisha akalitazama zulia la mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuwa bado hajafika. (Alipofika alikanyaga majani kama sisi. Samahani, mheshimiwa.)

Tukapakiwa kwenye bodaboda, dereva, mimi na zulia. Ngazi ya fundi ilikuwa bado imeegeshwa ukutani. Nilidhani dereva atapanda, lakini akavua helmeti akasema yeye mwisho wake wa kwenda juu ni kiti cha pikipiki, na zaidi ya hapo paa ni langu. Nikapanda na suti. Nyumba yenyewe ni fupi, na miti mirefu kuliko hiyo nimepanda mwezi uliopita. Nikalitandaza zulia. Likateleza. Nikalivuta. Likateleza tena, maana chini yake rangi ilikuwa kama mafuta ya kupikia. Ikabidi nilikalie.

Nilipokaa, ya njano ikaja, ikanifikia, ikakata kushoto vizuri kabisa. Ikafuata ya pili. Ya tatu. Huko juu za mbio zikapita kwenye njia yao, zikageukia ng'ambo ya korongo, hazikukutana na mtu. Nasema kweli, ulikuwa mpango mzuri sana.

Neema akanipigia simu. "Babu, wanakuona. Usishuke."

Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka ya mwisho itue. Na baada ya hapo, zile zitakazobeba watu kuzungushwa zitarudi kutua kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo mpaka zimalize. Nikamuuliza, na ile ya kwangu mimi?

"Babu, ukishuka na zulia linashuka."

Nikasikia simu inahama mikono. Ikaja sauti ya mke wangu, ndogo, kama ya siku nilipokwenda kwao mara ya kwanza.

"Baba Eliamani, wananiuliza kama nataka kupanda mimi. Nipande?"

Nililiangalia lile zulia. Niliangalia mlima, ulikuwa wazi mpaka kileleni, siku ambayo hutaipata tena mwezi mzima. Nikamwambia apande. Nikamwambia akifika juu ya kwetu aangalie migomba ya chini, ile ya karibu na mfereji, kama imesimama.

Akapanda. Nilijua ni yeye kwa kitambaa cha kichwani. Ndege ikazunguka upande wa mlima, ikakaa huko muda mrefu, kisha ikarudi chini chini, ikanilenga. Rubani akapunga kwa bawa. Mimi ni mtu mzima, siwezi kusalimiwa nikanyamaza. Nikainua mkono. Nilipoinua mkono uzito ukahama, zulia likaanza safari, na mimi nikiwa juu yake nikashuka bati zima kwa makalio mpaka kwenye mfereji wa maji ya mvua, miguu ikaning'inia nje. Nikashikilia hapo. Mke wangu akapita juu yangu. Niliuona uso wake wote.

Nikalipandisha zulia tena, nikalikalia. Baadaye dereva wa bodaboda, ambaye alikuwa amerudi uwanjani na kuja tena kuniletea maji, aliniambia kwenye spika marubani walikuwa wameacha kusema bati jekundu. Walikuwa wanaambiana, kata kwa mzee.

Nilishuka saa kumi. Suruali ilibaki na umbo la bati, mistari ya bluu. Mke wangu alirudi, akavua viatu, akanipa chai. Nikamuuliza migomba.

"Sikuiangalia," akasema. "Nilikuwa nakuangalia wewe usianguke."

Na sasa hivi, wakati naandika, kaka yangu wa Moshono amepiga simu kuuliza kama kweli nilikwenda juu. Nimemjibu nilikwenda, na nilikaa masaa matano. Ameshangaa sana. Aliyesoma hapa na anayemfahamu, namwomba kwa heshima zote amwache abaki na mshangao wake.