Mota Kuukuu ya Shemeji Gaylen

Jumatatu, 9 Juni

Sijawahi kushtuka hivi! Marlys, mke wangu wa miaka thelathini na moja, kasema huku anakaanga mayai, hata hakugeuka, kwamba Jumamosi kwenye mashindano ya ziwa hatavua na mimi. Atapanda boti ya kaka yake Gaylen. Nikacheka. Yeye hakucheka. Anasema amechoka kuvuta nanga, mgongo umekwisha, na upepo ukivuma kidogo tu tunazunguka kama feni. Nikitaka abaki, nifunge mota ya umeme ya mbele, ile inayoishika boti isisogee. Kanipa na futi kamba. "Pima kwanza, Orvin. Nakujua."

Sijala mayai. Watu wa ziwa zima watanicheka, lakini hilo si neno. Tangu tuoane sijavua na mtu mwingine.

Jumanne, 10 Juni

Dukani. LaVonne, mwenye duka, kaniuliza pua ya boti yangu iko juu ya maji kiasi gani. Kaniuliza mimi, mtu wa miaka arobaini majini! Nikasema kiasi cha kawaida. Akasema boti kama yangu ina pua iliyoinuka, mota ya mguu mfupi pangaboi halifiki chini, litachezea hewa mawimbi yakija. Nichukue ya mguu mrefu na betri mbili. Nikajua huyu ana miguu mirefu imemdodea stoo.

Halafu akaropoka kwamba Gaylen kanunua mota mpya, ile ya zamani anaiuza. Moyo ukanilipuka! Mota ile inaongozwa na setilaiti na inakumbuka kila mahali ulipobonyeza kitufe cha kusimama. Gaylen kashinda miaka sita mfululizo, na hakuna anayejua anavulia wapi. Mota inajua.

Futi kamba sikuitoa mfukoni.

Jumatano, 11 Juni

Nimeipata! Nimebadilishana naye kwa kibanda changu cha kuvulia juu ya barafu, ziwa likiganda majira ya baridi. Gaylen kaniuliza mara mbili, shemeji, una hakika mguu unatosha? Nikamjibu unatosha na kubaki. Akaangalia boti yangu, akaangalia mota, akasema basi sawa. Kumbukumbu hakufuta, mjinga yule. Nilitamani kuruka, ila nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa yake.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefunga mota, nimewasha rimoti. Mahali kumi na saba! Nikabonyeza pa kwanza, boti ikaondoka yenyewe, ikapiga kona, ikasimama. Nikainua macho. Dirisha la jiko langu, ufukweni! Nikabonyeza pa pili. Jiko langu, hatua tano kushoto. Pa tatu, pa nne, mpaka pa kumi na nne, pote mbele ya gati langu mwenyewe. Miaka yote naamka alfajiri nakimbilia ng'ambo ya ziwa, na shemeji anakuja kuvua mlangoni pangu!

Nikamwita Marlys. Ndiyo, anajua. Siku nikitoka peke yangu humpelekea kahawa pale gatini. Mungu wangu, kahawa! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia mwaka juzi, na mwaka jana, na mara zote mbili nikamjibu kwamba samaki hawapendi kelele za sahani.

Ijumaa, 13 Juni

Marlys kakubali kupanda boti yangu. Kanichezea nywele za kisogoni kwa vidole kama zamani, akasema mzee, kesho tutavua tumekaa kama watu. Nimelia kidogo bafuni.

Jumamosi, 14 Juni

Balaa! Tulisimama mbele ya gati, tukashusha ndoano, raha tupu. Saa tatu upepo ukaingia. Wimbi la kwanza pua ikapanda, pangaboi likatoka majini likanguruma kama blenda. Setilaiti ikaona tumesogea, mota ikaongeza nguvu. Pua ikazama, pangaboi likashika maji, tukachomoka kama risasi, tukaligonga gati. Mara tatu! Ya tatu Marlys akashuka. Kachukua fimbo yake ya kuvulia, kavuta kiti cha kukunja, kakaa gatini.

Saa nne na nusu kavuta samaki wa macho meupe, mrefu kuliko mkono wangu. Waamuzi wakasema kuvulia gatini kunaruhusiwa. Kashinda! Gaylen wa pili. Mimi nilikuwa kwenye mafunjo, bado nanguruma.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kanisani nimekuta Marlys kaweka viti viwili gatini na chupa ya kahawa. Kasema boti ipumzike, njoo tukae, hapa hapasogei. Kanishika mkono.

Lakini Gaylen kanidokeza kwamba kuna jamaa mji wa pili anauza mota yenye nguvu mara mbili. Mguu wake sijauliza. Nguvu ikiwa nyingi, mguu wa nini? Nimemwambia Marlys narudi sasa hivi. Kile kiti cha pili nimekibeba. Kitanifaa kuiegemeza mota kwenye pikapu, isije ikagongwagongwa njiani.