Wiki Sita, au Nyingi kwa Mara Moja

Jumatatu, 10 Juni 1996, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi
Jumamosi dada Maimouna anaolewa. Mpiga picha anatoka Lilongwe. Na Safi, yule msichana ninayempenda, atakuwepo! Mi nina chunusi uso mzima, moja inawaka juu ya pua. Jirani yetu Audace, yule Mrundi mwenye uso kama yai, ameniuliza kama nimeumwa na nyuki. Mbele ya Safi! Nimejipaka dawa ya meno.

Jumanne, 11 Juni
Imeunguza. Mama anasema shavu langu linanukia kama mdomo wa mtu.

Jumatano, 12 Juni
Nimemsindikiza baba Lilongwe kuuza vitenge. Nikachomoka hadi duka la dawa, mtaa wa Area 18. Mama wa pale akanipa tyubu. Akasema nipake kidogo tu jioni, nisitumbue, nivumilie wiki sita. Na nichunge nguo, dawa inakula rangi. Wiki sita! Nikasema zikomo, asante ya kwao, nikatoka. Kama kidogo kinaponya kwa wiki sita, nyingi itaponya kabla ya Jumamosi. Bantu ba maduka hawapigi hesabu.

Alhamisi, 13 Juni
Nimepaka kama siagi kwenye mkate. Asubuhi, mchana, jioni. Inawasha sana. Njo kusema inafanya kazi!

Ijumaa, 14 Juni
Uso mwekundu, ngozi inabanduka. Nimeongeza dawa. Nimevaa shati la bluu la yaya Moustapha, kaka yangu mkubwa, nitalala nalo ili linizoee. Sikutaka kumsumbua kwa kumwomba.

Jumamosi, 15 Juni
Aibu! Kola imejaa madoa meupe. Yaya Moustapha aliacha pilau, akasimama: "We Mulenda, shati yangu umeifanya nini?" Wageni wote wakageuka. Mpiga picha akanisogeza nyuma ya shangazi mnene. Kwenye picha nitaonekana sikio tu.

Safi hakucheka. Alimwita Audace, akamwambia anieleze. Kumbe mwaka jana naye alikuwa na chunusi! Alipaka dawa hiyohiyo, kidogo kidogo, miezi mitatu. Akaniambia nipumzishe uso kwanza, nioshe kwa maji tu, ngozi ikipona nianze upya taratibu. Safi akasema ananingoja nipone. Ananingoja!

Jumapili, 16 Juni
Nimewaza maneno ya Audace usiku kucha. Miezi mitatu, Safi ataningoja kweli? Leo nimesikia kule mtaa wa Kauma, Lilongwe, kuna mzee anauza mafuta ya kuotesha ndevu. Ndevu zitafunika kila kitu! Wanasema anashauri tone moja kwa wiki.

Nimeagiza chupa kubwa.