Kabati Lililokuja Vipande na Shemeji Juu Yake

Kwa Meneja,
Duka la Samani.

YAH: KABATI LA JIKONI LA KUJIUNGIA MWENYEWE, NA YALIYOIPATA NYUMBA YANGU

Ndugu Meneja,

Natumai barua hii inakukuta mzima, umeketi kwenye kiti ambacho mtu mwingine alikiunga. Mimi ni mzima kiasi. Nakuandikia nikiwa ukingoni mwa beseni la bafuni, kwa sababu jikoni kwangu hakuna pa kukaa, na kwa heshima zote, chanzo ni wewe. Nitaeleza kwa mpangilio, kama adabu ya malalamiko inavyotaka.

1. Tulipofika dukani kwenu, mkono wa kulia yalisimama makabati yaliyokwisha kuungwa, milango yake ikijifunga taratibu kama mtu anayetoka chumbani alikolala mtoto mchanga. Mkono wa kushoto yalilala maboksi bapa. Mimi nilienda kulia. Nilikuwa nimepima mlango wetu na korido kwa futi ya kamba ya mume wangu mwenyewe, na kabati lililosimama lingepita bila kugusa ukuta. Lakini mume wangu ni fundi cherehani. Alisimama mbele ya maboksi akasema, "Hata suti huanza vipande. Kilichokatwa huungwa." Muuzaji wenu mwenye tai akamjibu, "Mzee, hili utaliunga umefumba macho." Mimi ninayepika sikuulizwa.

2. Ndani ya boksi mliweka karatasi ya maelekezo isiyo na neno hata moja, picha tu. Picha ya kwanza inaonyesha watu wawili wameshika ubao, wanatabasamu. Nilishika upande wangu. Mume wangu akatazama picha, akanitazama, akatazama picha tena. "Hawa wanacheka," akasema. "Wewe hucheki." Nilimweleza kwamba nimeshika ubao mzito na mboga iko motoni. Akasema tusiende kinyume na maelekezo.

3. Hapa ndipo ubaya wenyewe ulipo. Mume wangu ana mdogo wake, kinyozi wa mtaa wa pili. Walikuwa hawasemezani tangu harusi ya huyo mdogo, pale suruali aliyoshonewa na kaka yake ilipopasuka nyuma akiwa ameinama kuwaamkia wakwe. Mmoja alisema ni uzi mbovu, mwingine akasema ni roho mbaya. Toka hapo mama mkwe wangu alikuwa akiigawa sikukuu kama kitambaa: asubuhi huyu, jioni yule, na katikati analala kichwa kikimuuma. Sisi tulizoea. Basi mume wangu alichukua karatasi yenu, akaenda kusimama kwenye mlango wa kinyozi, akainyoosha mbele. Shemeji alikuwa amemnyoa mteja upande mmoja. Aliitazama ile picha, akauliza, "Hiyo ni juu au chini?" Mume wangu akasema, "Ndilo swali langu." Shemeji akaweka wembe chini, wakaja wote wawili. Mteja naye akafuata nyuma kudai upande wake wa pili, akapewa ubao ashike.

4. Waliliunga likasimama kichwa chini. Milango ilifunguka kuelekea juu kama kuku anayetaka kuruka, na droo ilimwaga kila ilichopewa. Nilitegemea wagombane, kama watu wenye akili zao. Wao walikaa sakafuni wakacheka mpaka shemeji akashikwa na kwikwi. Wakalivunja. Wakaanza upya, wakiwa na furaha isiyomhusu mtu aliyekuwa anasubiri kuweka sufuria.

5. Habari zikamfikia mama mkwe. Alikuja na mkoba wa nguo, akaketi juu ya boksi tupu katikati ya jiko langu, na hajaondoka. Aliniambia, "Mkwe wangu, nimewaona wote wawili kwa kutazama mara moja. Hata shingo sijaigeuza." Ni maneno mazuri, Ndugu Meneja, nami nilifuta macho. Lakini vikombe vyangu viko chini ya kitanda na vitunguu nakatia juu ya meza ya cherehani.

6. Kabati lilipokamilika, zilibaki skrubu mbili. Mume wangu anasema fundi haachi kitu, kila uzi una kazi yake. Shemeji anasema nywele zikibaki sakafuni huzirudishi kichwani. Kwa sababu hiyo linafunguliwa na kuungwa tena kila jioni, kwa utafiti.

7. Majirani nao wamesikia. Mwenye nyumba na mpangaji wake wa chini, ambao walikuwa wakiongea kwa kugonga mabomba, wameletwa kuunga droo. Wametoka wameshikana mabega. Mama wawili waliogombea kamba ya kuanikia nguo wamepewa rafu ya juu, na sasa wanaanika pamoja. Juzi alikuja mtu nisiyemjua, kaleta mtu asiyempenda, akauliza kwa upole kama kuna mlango wa kuungwa. Kuna foleni korido nzima. Chai napika mimi.

Wahenga walituambia ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, wakipatana tuchukue kapu tukavune. Mimi nimelima miaka yote hiyo. Sasa wamepatana, nimeshika kapu langu, na halina pa kuwekwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mosi, mlichukue kabati hili mniletee lililosimama, lililoungwa na watu wasiofahamiana na wasio na mpango wa kufahamiana. Pili, pamoja nalo mchukue shemeji, angalau siku za kazi. Tatu, kila boksi liandikwe kwa herufi kubwa kwamba bidhaa hii huleta undugu, iwekwe mbali na familia. Mkishindwa, basi mfunge kabisa upande wa kushoto wa duka.

Msalimie muuzaji mwenye tai. Wasalimie wapakizi, mhasibu na mlinzi wa mlangoni aliyenionea huruma siku ile kwa macho. Wote huku wanawasalimu, hasa wasiopaswa kuwa huku.

Ni mimi kwa masikitiko na adabu,
Mke wa fundi cherehani, mwenye jiko.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha imetokea kwamba kabati limetangazwa kuwa zima. Asubuhi hii shemeji alibaki kwenye kibanda chake cha kunyolea, mume wangu akarudi kwenye pindo zake, mama mkwe akafunga mkoba. Nilipanga vikombe vyangu vyote. Nikafunga mlango, ukajifunga vizuri. Nikakaa nikasikiliza jiko langu, na Ndugu Meneja, lilikuwa kimya kama duka lenu upande wa kulia. Nikachukua bisibisi nikalegeza bawaba ya chini, kidogo tu, kisha nikamwita mume wangu nikamwambia mlango unaning'inia. Akasema, "Usiguse, namwita mdogo wangu." Sasa hivi wanabishana humo kama bawaba hulegea kwa joto au kwa mvuke, na mama mkwe ameomba chai nyingine. Barua naituma kwa kuwa stempu nilikwisha kuibandika. Tafadhali msiisome.