Land Rover Isiyokuwamo Kwenye Karatasi ya Afande

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimerudi kutoka mkutanoni na hasira hadi masikio yanawaka. Afande wa trafiki alituita wenye magari wote wa Bariadi. Msimu wa pamba umefunguliwa, na wezi wa magari nao wamefungua wao. Akatoa karatasi, akasoma magari yanayoibwa zaidi. La kwanza, Hilux. Sababu: spea zake zinatafutwa kila mahali. Ikiingia kwa fundi mwovu asubuhi, jioni imeshakuwa taa, milango na injini, haina jina tena. La pili, Land Cruiser, kwa kuwa inapita porini bila kuuliza barabara. La tatu, Hiace. Ziko nyingi, zinafanana, ukiipaka rangi hata mwenyewe haitambui. Pijo wezi wameiacha tangu mitumba ya Japani ianze kuingia.

Nikasubiri Land Rover, gari langu. Akakunja karatasi!

Bundala akanyoosha mkono. Huyu Bundala ananunua pamba kwa kampuni moja, mimi kwa nyingine, na tunagombea wakulima wale wale. Ana Hilux nyeupe. Kila sababu iliposomwa alikuwa anatabasamu kama bibi harusi anayetajiwa zawadi. Akauliza kwa sauti ya upole kama ndugu Marcelo, yaani mimi, alikuwa na haja ya kuja mkutanoni. Afande akasema ndugu Marcelo aende nyumbani akalale, na ufunguo auache humo humo ndani ya gari. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Miaka yote chama cha ushirika kilinunua pamba peke yake. Leo ni ruksa, kila mtu ananunua, kila mtu ana gari. Na mimi nina gari ambalo hata mwizi halitaki. Aibu gani hii!

Jumanne, 2 Julai

Bundala ameajiri mlinzi mwenye upinde. Mishale sita! Nimepita pale mara tatu nihakikishe.

Mke wangu Mektilda anasema nimshukuru Mungu. Kanikumbusha sharti la baba yake, mzee Luhende wa Nkololo. Mzee alitoa ng'ombe sita tukapata hili gari. Alitoa kwa moyo, lakini akasema neno moja mbele ya ndugu wote: siku ng'ombe zake zikipotea, binti yake anarudi Nkololo. Mpaka leo haiiti Land Rover. Anaiita ng'ombe zangu. Akija, kwanza anaipapasa ubavuni, halafu ndiyo ananisalimia mimi.

Nikamjibu Mektilda kwamba hakuna atakayepotea. Nataka tu gari liheshimiwe. Watu wakiona ulinzi watajua kuna cha kulinda. Kwa hiyo nimenunua mnyororo na kufuli, nikaifunga Land Rover kwenye nguzo ya jiko. Inapendeza sana.

Jumatano, 3 Julai

Nilisahau mnyororo. Nikaondoka na nguzo. Jiko limelala kifudifudi, na Mektilda anapikia nje bila kusema neno. Akinyamaza huyu, ni hatari kuliko akifoka.

Lakini nimewaza kisomi. Wezi wanapenda gari linalowaka haraka. Langu linataka hendeli ya kuzungusha, wanaume watatu na sala. Nimelipeleka kwa fundi Luhaga. Ameweka betri nyingine na swichi ya taa ya nyumbani pale karibu na usukani. Unabonyeza, linawaka! Nimebonyeza mara kumi na moja. Luhaga amekiri kwamba oili inavuja kwa chini, maana gasketi aliikata mwenyewe kutoka kwenye boksi la sabuni. Nikamwambia hiyo ingoje.

Kisha nikaona nyuma ya karakana yake mlango wa nyuma wa Hilux iliyokufa. Mweupe, na herufi kubwa: TOYOTA. Nikataka ufungwe kwenye Land Rover yangu. Luhaga alisema haiwezekani. Mimi nilisema nyundo ipo. Imewezekana.

Alhamisi, 4 Julai

Mzee Luhende kaja bila taarifa. Nikamwamkia mwadila, akaitikia huku macho yako kwenye gari. Akaizunguka. Akafika nyuma, akasimama. Hajui kusoma, lakini chapa anaijua. Akaniuliza hii ni chapa ya nani. Nikasema ni ya Japani. Akasema ng'ombe akibadilishwa chapa maana yake ameibwa, au yuko njiani kuibwa. Akamtazama Mektilda, akalitazama jiko lililolala, akaniuliza kama ng'ombe zake zinalala mahali salama.

Nikaapa. Alikunywa uji, akaondoka. Nilitoka jasho mpaka kwenye soksi.

Ijumaa, 5 Julai

Siku njema! Mchana nilikaa kwenye grosari nikaeleza, kwa siri, kwa sauti ya kusikika meza zote, kwamba kuna tajiri wa Mwanza anaitamani injini yangu. Bundala akasema tajiri huyo labda anataka nanga ya mtumbwi. Wakacheka wote.

Wote isipokuwa wageni wawili waliokaa pembeni. Watu wastaarabu sana, mmoja ana kofia ya kijani. Waliniita mezani kwao, wakaninunulia soda, wakasikiliza kwa makini. Waliuliza inawakaje, nikawaeleza swichi. Waliuliza inalala wapi, nikawaelekeza, na kwa kuwa nyumba yangu imejificha kidogo nikawachorea ramani. Waliuliza kama nina mbwa. Nikasema alikufa mwezi wa pili. Wakanipa pole.

Hatimaye nimepata watu wanaojua magari.

Jumamosi, 6 Julai

Asubuhi nimetoka nje, hakuna gari. Kuna doa la oili tu.

Niseme kweli, kwa kuwa hili daftari halisomi mtu. Nilifurahi. Nilikimbia hadi kwa Bundala na kandambili moja nikipiga kelele kwamba imeibwa, imeibwa, yangu imeibwa, yake bado ipo! Mlinzi wake alinilenga upinde. Majirani wakadhani ninaita msaada. Mwano ukapigwa, ule ukelele wa kuita watu wakimbize wezi. Na mwano ukishapigwa haurudi. Kijiji kinapokea, kinapaza sauti, kijiji kinachofuata kinapokea. Nikiwa bado nimesimama pale natabasamu, nikakumbuka kwamba Nkololo nako wana masikio.

Nilirudi nyumbani mbio. Mektilda alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, kitenge kipya kiunoni. Hakulia, hakufoka. Aliniuliza kama sasa nimeheshimiwa. Miaka kumi na tisa na mwanamke huyu! Ningempigia nani kelele kuhusu Bundala?

Sungusungu, walinzi wa vijiji, walikuja na baiskeli na marungu. Kiongozi wao Salu amefuata nyayo za ng'ombe walioibwa tangu ujana wake. Akainama, akagusa oili, akanusa kidole. Akasema mnyama huyu anatoka damu, hafiki mbali. Tukafuata matone. Tone, hatua ishirini, tone. Njia ya Zagayu. Mimi nilikuwa nyuma ya baiskeli ya Salu nikisali kwa watakatifu wote ninaowajua na wawili niliowabuni. Njiani mzee Luhende akatukuta, anaendesha baiskeli kwa ghadhabu, fimbo imefungwa kwenye fremu. Hakunisalimia.

Mbele ya Zagayu, katikati ya shamba la pamba, ilikuwa imesimama. Ilikuwa imekauka oili, ikagoma. Swichi ya Luhaga imeng'oka na kuning'inia. Boneti iko wazi. Wezi waliitazama humo ndani, wakachagua, wakaondoka na kitu kimoja tu. Mlango wa nyuma wenye TOYOTA.

Nililikumbatia tairi nikalia kama mtoto. Sijali nani aliona. Mzee Luhende aliipapasa ubavuni kwa muda mrefu, kisha akacheka, akawaambia sungusungu kwamba ng'ombe mwenye akili ndiye huyu, akiswagwa na wageni analala chini hanyanyuki. Chapa ya uongo imeondoka, akasema, na mnyama amebaki. Ndipo akanisalimia.

Tuliivuta kwa ng'ombe wanne mpaka mjini. Mektilda ametoa nguo sandukuni. Kapika wali. Nimekula sahani tatu. Ahsante Mungu. Sitarudia tena, naandika hapa kwa mkono wangu: sitarudia.

Jumatatu, 8 Julai

Nimelala usingizi wa mtoto mchanga siku mbili. Mji mzima unanipa pole. Hata Bundala katoa mkono, ingawa alibana midomo asicheke.

Nikaenda kituoni kumwomba afande aongeze Land Rover kwenye karatasi yake. Sasa nina haki. Akauliza kilichopotea ni nini. Nikasema mlango wa nyuma. Akauliza uliandikwaje. Akaandika mbele ya macho yangu: Toyota, moja. Land Rover: hakuna.

Hakuna!

Basi nimetoka pale moja kwa moja hadi kwa Luhaga. Gasketi ya kweli imefungwa leo saa nne, haivuji hata tone. Swichi imerudi, yenye taa nyekundu. Na nyuma ya karakana ana herufi za Land Cruiser, zote kasoro R moja, ambayo anasema atachonga kwa bati. Mektilda hajui. Sanduku lake bado liko karibu na mlango, nadhani amesahau kulirudisha uvunguni.

Nilipofika nyumbani nikawakuta wale wageni wawili wastaarabu. Wamekuja kunipa pole! Yule wa kofia ya kijani aliinama hadi chini ya gari, akauliza kama ile oili imezibwa kweli. Nikamhakikishia. Wakauliza kama itaendelea kulala pale pale. Nikawaonyesha mahali pake papya.

Siku hizi ni wachache sana wanaojali gari la mwenzao.