Nguruwe Wasiolala

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemwambia mume wangu Kipkurui kwamba hapana, chakula cha nguruwe cha dukani basi. Tutasaga wenyewe. Alikuwa anamenya kiazi. Akanitazama kwa yale macho yake, akasema, sawa, Mongi wangu. Tuna mwezi mmoja wa ndoa na bado najifanya sijasikia ili aniite hivyo tena.

Nguruwe ni wanne, zawadi ya harusi kutoka kwa mama yake, Mama Rodah. Zawadi yenye masharti. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kuwapima vifua kwa futi ya fundi wa nguo. Wakiwa wamenenepa, ni wangu kabisa. Wasiponenepa, wanahamia kwa Esnah, mke wa ndugu mkubwa wa Kipkurui. Zizi lake liko ng'ambo ya ua. Nguruwe wake ni kama magodoro. Esnah anasema yeye hana haraka, ila ameshafagia nafasi yao.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mashine! Mathew, mwenye mashine ya kusaga unga pale Mogogosiek, alikuwa na nyingine ndogo ya petroli imelala stoo. Tumebadilishana. Amechukua zile chupa za chai tulizopewa harusini, zote kumi na moja. Nani ana chai ya kujaza chupa kumi na moja? Kipkurui aliuliza kwa upole kama hatungebakisha moja ya wageni. Sikuwa nimefikiria hilo.

Tumesaga pamoja. Yeye akimimina, mimi nikishika gunia. Mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa wa omena. Unga ulimjaa kwenye nyusi akawa kama mzee. Nikaona jinsi atakavyopendeza tukizeeka pamoja. Nikalia kidogo. Yeye alidhani ni omena.

Jumanne, 11 Machi

Mahindi yameisha. Pumba pia. Lakini nina akili. Ijumaa karani wa kituo cha kununulia majani ya chai alikataa kikapu chetu kizima, eti chai imekomaa. Mimi situpi kitu. Nimeyaanika yale majani juu ya mabati, nimeyasaga, nimechanganya nusu kwa nusu na chakula kilichobaki. Hakuna mtu wa huku anayeamka vizuri bila chai. Nguruwe mchangamfu atakula zaidi. Akila zaidi, atanenepa. Hesabu rahisi kabisa.

Kipkurui aliuliza kama nimeuliza mtu yeyote. Nimuulize nani, Esnah? Akanibusu kwenye paji la uso. Huyu mwanamume ananiamini.

Alhamisi, 13 Machi

Hawalali. Wanazunguka zizi bila kupumzika, mmoja nyuma ya mwingine. Esnah aliniuliza kupitia ua kama nawaandaa kwa mbio za nyika, na kama kocha ni mimi. Nikamjibu kwamba hiyo ni afya, nguruwe wake wangekuwa nayo wangeweza hata kusimama. Kusema kweli mbavu zinaonekana kidogo. Nimewaongezea chai.

Jumamosi, 15 Machi

Mama Rodah amekuja na futi yake. Nguruwe wa kwanza alimponyoka. Wa pili aliruka mlango wa zizi. Sikujua nguruwe huruka. Wengine wakafuata, wakakata katikati ya shamba letu la chai hadi barabarani. Kipkurui aliwakimbiza wote, akarudi na wa mwisho mabegani, tope hadi masikioni. Sijawahi kuona mtu mzuri hivyo.

Mama Rodah akapima. Akapima tena. Akasema, Mongina, huyu nilimleta akiwa mkubwa kuliko hivi. Akauliza wanakula nini. Nikamwambia. Akakunja futi yake, akasema kwamba kwao chai hupewa watu, na yeye ni mtu, na tangu afike hajapewa.

Hatukuwa na chupa. Esnah akakimbia kwake, akaleta yake. Nyekundu, ina waridi ubavuni. Niliijua kabla hajaiweka mezani. Alisema ameinunua kwa Mathew juzi, bei nzuri sana. Mama Rodah aliigeuzageuza. Ndiye aliyetuzawadia chupa hiyo harusini.

Nguruwe wameondoka na Esnah, wanne kwa kamba moja, wakimvuta mbio.

Jumapili, 16 Machi

Esnah ametangaza kanisani kwamba usiku nguruwe walilala fofofo. Kipkurui alinishika mkono mahubiri yote. Alinong'ona kwamba mke mwenye mashine yake mwenyewe hapatikani kila mahali. Nikapona palepale.

Halafu mchana dada yangu Phelis amepiga simu kutoka Keroka. Kuku wake wamekuwa wavivu, wanashinda wamelala, hawatagi. Na mimi hapa nina mashine imekaa bure na gunia zima la mchanganyiko! Kipkurui aliuliza kama lile gunia si lile lile. Nikamweleza kwamba kuku ni mnyama tofauti kabisa. Akafikiri, akasema, sawa, Mongi wangu.

Phelis, usiwanunulie chochote. Kabla Machi haijaisha utaniona langoni, mimi, mume wangu na gunia.