Zege Lililopelekwa Chuo Kikuu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mwaka mmoja, miezi saba na siku nne tangu nitoke kwetu Kipini, pwani. Mgongo unauma upande wa kushoto. Upande wa kulia nao umeanza kuiga.

Lakini leo nimepanda cheo, ingawa bado hajui mtu ila mimi.

Tupo katika chuo kikuu kimoja huku Njiru, wiki ya sita, tunajenga vyoo vya wanafunzi. Saa ya chai akaja Dokta Waruguru, mwalimu wa uhandisi, mama mfupi mwenye haraka. Akasema chuo kimetenga fedha kwa wahadhiri wenye miradi ya kufundisha vizuri zaidi kwa kutumia teknolojia. Atakayeiridhisha kamati anagharamiwa miaka miwili. Yeye ana wanafunzi mia moja na arobaini na maabara ndogo kama kibanda cha mahamri. Wanahitimu uhandisi hawajawahi kuona zege likikomaa! Anataka tummwagie slabu ya majaribio nyuma ya maabara, ndani yake atie vidude vya kupima joto. Kidude kinatuma habari, mwanafunzi anatazama kwenye simu, hata akiwa kitandani kwake Kayole, anajua zege limefika wapi.

Akauliza nani hodari wa sakafu. Nilisimama kabla hajamaliza. Maingi naye akasimama. Huyu ni fundi mwenzangu, Mkamba wa Machakos. Ana cheti cha serikali cha uashi, amekitia plastiki, hutembea nacho mfukoni kama mtu anayeogopa kukamatwa. Dokta akatuchukua sote wawili.

Kisha akasema jambo. Mradi ukipita, atahitaji msaidizi wa maabara. Mmoja tu. Mshahara wa mwezi, likizo, na koti la bluu lenye jina kifuani.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Koti nimekwisha kulivaa kichwani. Linanikaa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia nashirikiana na chuo kikuu katika utafiti. Si uongo. Muhiba akauliza, Baba Hikma, ina maana sasa unafundisha? Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Kufika adhuhuri Kipini nzima inajua. Najua kwa sababu Farid, kaka yake Muhiba, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ameniandikia. Shemeji hongera, anasema, tafadhali nijulishe, siku hizi karai nalo lina idara yake?

Huyu ndiye aliyesema mbele ya wakwe, sinia la pilau liko katikati, kwamba mimi nitazeeka nikibeba karai. Nikaondoka wiki ileile. Nikaapa sirudi mpaka nirudi na kitu cha kumfunga mdomo. Sasa kitu hicho kina rangi ya bluu.

Sikumjibu. Mtafiti hajibu kila ujumbe.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumemwaga! Mita tatu kwa tatu. Maingi alitaka kuongeza maji ili beleshi liende vizuri. Nikamkataza, maji mengi hulegeza zege. Akaniita Profesa wa Bahari. Nimelipokea.

Dokta alikuja na vidude vyake vitatu, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Ni vya kuazima, akasema, tuvishike kama mayai. Mimi wakati huo nilijitolea kwenda kuleta maji kwenye tangi, mitungi miwili kwa mpigo, ili anione nguvu. Niliporudi ameshavizika na ameshakwenda. Juu ya slabu yangu zimesimama waya tatu, kama ndevu za paka.

Maingi akasema Dokta ameagiza waya zisiguswe. Nikauliza kwa nini. Akasema ndizo zinazoongea na simu.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Simu yangu haina waya na kila siku naongea na Muhiba aliye Kipini! Hapo nikamjua. Anataka sakafu yangu ionekane mbaya, kamati iseme nani kafanya kazi hii ovyo, yeye atoe plastiki yake mfukoni.

Nikapiga niru, ule uji wa simiti wa kulainishia sakafu. Wallahi, niru ile! Mawingu yalionekana ndani yake. Wanafunzi wakaja na simu zao. Msichana mmoja akasema, “Fundi, niaje? Hiyo floor imeweza!” Wakanirekodi nikipitisha mwiko, mkono wa kushoto kiunoni. Maingi hawakumrekodi, ila kisigino.

Kabla haijashika, nikaandika jina. Kila fundi huandika jina na mwaka pembeni, ndiyo desturi. Mimi nimeandika katikati. HAMIDI. MRADI WA TEKNOLOJIA. 2025. Herufi ndefu kama mkono. Kamati isome hata isipotaka. Maingi akauliza la kwake litakaa wapi. Nikamwambia pembeni kuna nafasi tele. Akaandika dogo, na namba ya cheti.

Jumapili, 14 Septemba

Kesho kamati. Maingi yuko kanisani. Nimekuja peke yangu alasiri kuyamwagia maji magunia yaliyofunika zege. Nikayafunua nitazame.

Zile waya!

Nimezunguka slabu mara tatu. Kila ukisimama, waya inakata jina. Mbele ya H imesimama moja kama mlevi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, kutoka Malindi mpaka Njiru. Sijawahi kumkabidhi mwenye nyumba sakafu inayotoa waya.

Nimezikata kwa koleo, zote tatu, chini kabisa. Matundu nimeyaziba kwa uji wa simiti, nikasugua kwa gunia bichi. Huwezi kujua kulikuwa na kitu. Na sitamdai Dokta malipo ya Jumapili. Namfanyia kwa moyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeoga mara mbili.

Kamati ni watu watano. Mkubwa wao Profesa Magan, mrefu, miwani moja usoni na nyingine kipajini. Dokta alizungumza vizuri mpaka nikataka kusoma tena. Akasema mtoto anayelea mdogo wake nyumbani, anayekosa nauli, naye ana haki ya kuliona zege likikomaa. Kisha akawaambia wanafunzi wafungue simu.

Wakafungua. Wakafunga. Wakafungua tena. Kijana mmoja akanyanyua simu juu kama anaomba mvua. Yule msichana akasema polepole, Dokta, inasema hakuna kifaa.

Dokta akabonyeza, akabonyeza. Jasho likamtoka puani. Profesa akauliza kama zege hili limelipa karo.

Maingi akanitazama, akatazama sakafu, akanitazama tena. Akasema labda ni mtandao, hapa Njiru hupotea hivihivi. Nikaona anaiba nafasi! Fundi wa pembeni ndiye anaongea na kamati!

Nikasonga mbele. Nikajitambulisha, jina nikawaonyesha kwa kidole pale chini. Nikasema niru ni yangu, kipimo cha mchanga ni changu, na jana nilikata zile waya zilizokuwa zinaharibu sura, bila malipo.



Dokta Waruguru akakaa juu ya karai lililopinduliwa. Profesa akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Akaandika! Miaka yangu yote, hakuna profesa aliyewahi kuandika maneno yangu.

Kisha akachuchumaa, akapapasa sakafu. Akauliza, sasa bila simu wewe unajuaje kama limekomaa? Nikamwonyesha. Unagonga kwa mpini wa mwiko, unasikiliza. Likilia kama mtungi tupu, bado. Likilia kama meno, tayari. Unamwaga tone la maji, unatazama linanywewa upesi kiasi gani. Wanafunzi walininyooshea simu zote. Zile zilikuwa zinafanya kazi vizuri sana.

Maingi amenibebea mwiko mpaka nyumbani, hasemi neno. Wivu.

Jumatano, 17 Septemba

Kamati imekataa.

Dokta ametusomea barua. Waombe tena Januari, walete ushahidi kwamba vifaa vinafanya kazi. Chini kuna mstari mmoja kwamba maelezo ya fundi yalikuwa na faida. Nimeomba ausome mara mbili. Ameusoma mara moja.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema amewaambia wanafunzi wake mia moja na arobaini kwamba muhula huu watajifunza kama watu. Alisema msaidizi wa maabara hayupo, kwa hiyo koti halipo. Alisema vidude vya watu vitolewe leo, na anayevitoa ni mimi.

Nimelivunja zege langu mwenyewe tangu saa mbili asubuhi. Halivunjiki! Nyundo ya kwanza ilikatika mpini. Uchungu, lakini na raha kidogo. Saa tano Maingi akaja na nyundo yake bila kuitwa. Akasema, “Mzee wa Pwani, ungekubali maji yangu, saa hizi tungekuwa tumemaliza tunakunywa chai.” Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka.

Kisha ikafika zamu ya H. Nikamwachia aipige yeye. Niligeuka nikatazama vyoo.

Vidude vimetoka vizima.

Ijumaa, 19 Septemba

Dokta ametuita tena! Anamwaga slabu mpya ili ikifika Januari iwe na habari za miezi minne. Anataka sisi sisi, kwa sababu amewauliza mafundi wengine bei na kuona niru zao. Amenisimamisha mbele ya Maingi, akanifanya niape kwamba sitakata kitu chochote. Nimeapa. Mimi nikiapa nimeapa.

Nimempigia Muhiba. Nimemwambia kamati imeomba kuiona kazi yangu mara ya pili. Kazi mbaya haiombwi mara mbili. Farid hajaandika tangu wiki iliyopita, kwa hiyo ameshindwa.

Safari hii vidude ni vya aina nyingine. Waya hakuna, alhamdulillahi. Badala yake kila kimoja kina kioo cheusi juu, upana wa sarafu, lazima kibaki usawa wa sakafu. Maingi anasema kinakula jua, ndilo chakula chake. Maingi!

Nimevitazama. Madoa matatu meusi kwenye niru nyeupe. Mtu atadhani sakafu ina ndui.

Kukata nimeapa sikati. Kufunika hakuna aliyenikataza. Kule vyooni yamebaki marumaru matatu ya maua, madogo, saizi ileile kabisa. Nimeyaficha chini ya gunia langu la nguo. Yatang'aa! Profesa atachuchumaa tena.

Kamati inakuja Jumanne, 20 Januari. Koti siku mbili tatu za kushonwa jina. Kipini natarajia kufika Jumamosi, 31 Januari, mchana kweupe, watu wote wakiwa barazani.